Mizani na Kiti cha Dada Yake

Sofa ya Fundi haikutoka karakana bila kukaliwa na mkewe. Hiyo ndiyo ilikuwa dhamana yake, na haikuhitaji muhuri wa mtu. Mteja akija na maswali yake, mbao gani, sponji gani, springi zitadumu au zitalia, Fundi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akapaza sauti kuelekea uani: "Mama, njoo utupimie." Mkewe akatokea kwa ubavu, maana aliyeupima ule mlango hakuwa na mtu kama yeye kichwani. Akafuta mikono, akageuka, akajiachia. Mbao zikinyamaza, mteja anatoa pesa.

Mtaa mzima ulimwita Mizani, na mwenyewe aliitika. "Wengine wanakula jasho la mikono," alikuwa akisema. "Mimi nakula jasho la makalio, na sijawahi kulala njaa."

Siku ile mteja alikuwa mama mwenye saluni, aliyeagiza sofa mbili za wateja wake kusubiria. Mizani alikaa, sofa ikanyamaza. Akajitupa, ikanyamaza. Likabaki jaribio la mwisho, la kulalia mkono wa sofa kwa kifua, kama wanavyolala wanawake wakichoka kusubiri zamu. Alilala, akatulia, halafu akainua kichwa.

"Fundi, kuna msumari hapa."

"Hakuna."

"Upo. Umenigusa huku kushoto. Kichwa chake kigumu kabisa."

Fundi alipitisha kiganja juu ya kitambaa. Kiganja kile kilikuwa na sifa yake: kilijua msumari uliofichwa chini ya sponji ya vidole vinne. Kilienda, kikarudi. "Hakuna kitu, mke wangu."

"Basi nimejitungia mimi?"

Mwenye saluni alikohoa kile kikohozi cha mtu aliyekwisha kulipa kianzio. Fundi akachukua kisu, akapasua ule mkono wa sofa mbele ya mteja, kitambaa kipya kabisa, akang'oa sponji vipande vipande, akapapasa mbao. Alipasua kwa hasira, kama mtu anayetafuta kitu mahali anapotaka kiwe. Msumari haukuwepo.

Mizani akasogea kwenye sofa ya pili, akalala vilevile. "Na huku upo," alisema. "Palepale kushoto."

"Fundi," mwenye saluni alisema, akichukua mkoba wake, "misumari yako inahama na mtu? Nirudishie changu kwanza. Ukishaikamata utaniita."

Fundi alimrudishia. Muda wote ule hakumwangalia mkewe usoni hata mara moja. Mizani aliliona hilo, akaliweka moyoni.

*

Kwenye pembe ya karakana, nyuma ya marobota ya kitambaa, palikuwa na kiti ambacho hakikuwa cha kuuza. Fundi alikitengeneza kwa ajili ya shemeji yake, dada mkubwa wa Mizani, alipokuwa mgonjwa na kitanda kimemchosha. Dada huyo alikuwa amekatwa ziwa, naye alikonda mpaka pete ikawa inafungwa kwa uzi. Kwa hiyo kiti kilikuwa chembamba kama mwenyewe, mikono yake imekaribiana ili imshike asianguke.

Dada alifia humo, mchana, watu wakidhani amesinzia. Tangu hapo hakuna aliyekikalia. Shimo la mgongo wake lilibaki kwenye sponji, na siku za joto mbao zilipotanuka, kiti kilitoa sauti kama ya mtu anayebadilisha mkao. Wenye nyumba walizoea. "Mama mkubwa kaamka," binti yao alikuwa akisema, akiendelea kusahihisha madaftari ya watoto wake wa chekechea. Alisema kwa mzaha, ila hakuwahi kukaa akikipa mgongo.

Miezi yake ya mwisho Dada alilalamika kwamba kiti kinamchoma. "Shemeji, kuna kitu hapa kinanichoma." Fundi akaongeza sponji. Akalalamika tena, akaongeza nyingine. Mara ya tatu akaongeza ya mwisho, akamwambia kwa upole, "Shemeji, hiyo ni mifupa yako tu. Ule kidogo, itajifunika." Dada akanyamaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza.

Baada ya matanga, sheria ya nyumba ile ikawa moja: sahani isirudi jikoni na kitu. Walikuwa wameona mtu akiisha kama sabuni, wakaamua kwamba kifo ni wembamba na uzima ni unene. Fundi akawa anampakulia mkewe kwa mkono wake mwenyewe. Nyama yenye mafuta, mkate uliopakwa mpaka kingo, na kijiko cha mwisho, kile ambacho kila mtu anakiogopa, kilikwenda kwa Mizani. "Kula, mama. Mwenye kula hafi." Na Mizani alikula, maana chakula kilikuwa kitamu, na maana mume anayekulisha mbele za watu si jambo la kila nyumba.

*

Uvimbe Mizani aliupata mwenyewe akioga. Alilinyanyua ziwa la kushoto kwa mkono mmoja, kazi iliyohitaji nguvu kidogo, akapapasa kwa mkono wa pili. Ulikuwa umezama mbali. Juu yake ngozi ilikuwa imebonyea, kama kitambaa kilichoshikwa na stepuli kwa ndani.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa wifi yake, dada wa Fundi. Wifi huyu alikuwa na jibu la kila swali, na mengine ya akiba.

"Wewe? Kansa?" Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. "Kansa ni ya watu waliokonda, wifi. Hicho kidudu kitakufikia vipi hapo katikati? Kitachoka njiani, kiombe maji."

"Dada yangu alikuwa mnene pia, kabla."

"Dada yako alikuwa na mawazo. Wewe una mawazo gani na mume anakulisha kama bibi harusi?"

Lakini binti yake hakucheka. Aliomba ruhusa shuleni, akamwambia, "Mama, vaa viatu."

Hospitali ile haikuwa na kiti cha kumtosha mtu wa aina yake. Viti vya kusubiria vilikuwa vya plastiki, vimeungwa kwa chuma, kila kimoja na mikono yake. Mizani, aliyekalia masofa ya nusu ya mji, akasimama ukutani. Alipoitwa kupimwa uzito, mshale wa mizani ukaenda mpaka mwisho wa namba ukagoma. Muuguzi akageuka akapaza sauti kwenye ukumbi mzima, "Hebu ileteni ile ya stoo, ya kupimia mizigo." Watu wakageuka kutazama mzigo wenyewe.

"Msijali," Mizani aliwaambia. "Huwa napima vya wenzangu. Leo ni zamu yangu."

Walicheka. Hata muuguzi alicheka, akaona haya, akamshika mkono alipopanda. Binti peke yake ndiye alitazama sakafu.

Zikafuata picha za ziwa, zikafuata sindano za kuchukua kipande cha nyama cha kupimwa, ikafuata kungoja. Walipoitwa tena, daktari alikuwa mwanamke mdogo, umri wa binti yake. Alivuta kiti chake mwenyewe kisicho na mikono, akampa Mizani, yeye akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Hilo Mizani hakulisahau.

"Mama, ni kansa," alisema. "Haijaenda mbali. Nataka unisikie hilo la pili kama ulivyolisikia la kwanza."

Aliinua picha kwenye mwanga. Ziwa lilionekana jeusi kama anga ya usiku, na katikati pana kitu cheupe chenye miiba.

"Hilo jeusi ni mafuta. Mkononi mafuta yanaficha, ndiyo maana hukuusikia mapema. Kwenye picha hayafichi. Hicho cheupe ndicho chenyewe."

"Kichwa cha msumari," Mizani alisema.

"Unasemaje, mama?"

"Hakuna kitu. Kwa hiyo ni unene wangu uliokileta. Sema tu, mwanangu, nimeshazoea kusemwa."

Daktari alifikiri kwanza. "Sisemi hivyo, na asitokee mtu akakuambia hivyo. Wembamba wanaugua, na wanene wengi hawaugui kamwe. Ila umeshakoma hedhi. Mayai yakishapumzika, mafuta ndiyo yanashika zamu ya kutengeneza ile homoni ya kike, na yakiwa mengi yanatengeneza nyingi. Uvimbe wa aina yako unaila hiyo homoni. Ndicho chakula chake. Tena mafuta yakizidi, ndani ya ziwa panakuwa kama jeraha lisilopoa. Chembe za mwili zinakuja kusafisha, hazimalizi, zinabaki zinagombana. Na uvimbe unapenda kukulia penye ugomvi."

"Unakula ninachokula."

"Kwa namna fulani, ndiyo. Kwa hiyo tutaukata, halafu kuna vidonge vya kuuzimia jiko, halafu tutapunguza uzito polepole, kwa kula vizuri na kutembea. Si adhabu, mama. Ni sehemu ya dawa."

Binti aliandika kila kitu. Mizani alisikia neno moja tu, kupunguza, na aliposikia lile aliona pete iliyofungwa kwa uzi.

"Dada yangu alikatwa," alisema. "Alirudi nyumbani akapungua. Akapungua mpaka tukawa tunamtafuta kwenye shuka."

"Alifika hospitali mapema?"

"Alifika baada ya mizizi, baada ya maombi, na baada ya ushauri wote wa wifi yangu."

Daktari hakucheka. "Hakufa kwa kukatwa, mama. Alicheleweshwa."

"Nitakwenda kufikiri," Mizani alisema, akajifunga nguo yake.

*

Alifikiri siku nyingi kuliko zilizofaa. Binti alisema, akachoka, akaanza kulia akiwa anapiga pasi. Fundi alipakua tu. Kila jioni sahani ya mkewe ilikuwa mlima, na kila jioni mlima ulikua.

Jioni moja Mizani aliisukuma ile sahani katikati ya meza.

"Sitaki."

"Kula kidogo."

"Nikila, nakilisha hiki cha humu ndani. Daktari kasema."

"Daktari ni mtoto." Fundi aliirudisha sahani. "Usipokula utakonda, ukikonda utakwisha. Nimeona kwa macho yangu."

Mizani akauliza kwa sauti ndogo, ile ambayo binti yao aliiogopa kuliko makelele. "Mkono wako unajua msumari chini ya sponji ya vidole vinne. Umelala na mimi maisha yote haya. Haukujua?"

Fundi alishika ukingo wa meza.

"Nakuuliza, baba."

"Mkono ulijua."

"Lini?"

"Wakati wa mvua zile kubwa. Ulikuwa umelala. Uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo, kama punje ya mahindi."

"Na mvua zimekwisha, jua limewaka, nyingine zinakaribia. Ukafanya nini?"

"Nikakupakulia," Fundi alisema. "Shemeji alianza kufa siku aliyoambiwa. Kabla ya hapo alikuwa anacheka, anasuka watu. Nikasema, asipoambiwa, labda. Nikasema, nikimlisha vizuri, labda hicho kidudu kitasongwa."

"Na sofa ya mwenye saluni? Uliipasua kitambaa kipya ukijua?"

"Nilikuwa naomba uwepo," alisema. "Ule msumari. Nilikuwa naomba nikiupasua niukute."

Binti alikuwa ameinuka, ameshika mdomo. Mizani hakumpigia mumewe kelele, hakurusha sahani. Aliondoka mezani, akapita kwa ubavu kwenye ule mlango, akaingia karakana.

Kiti kilikuwa pembeni, kimempa uso. Alisogeza marobota. Kilikuwa bado na harufu ya dawa aliyokuwa akipakwa Dada, au pua yake ndiyo iliyokumbuka. Aliona shimo la mgongo, dogo kama la mtoto. Kilikuwa kinamngoja, hilo alilijua toka alipotoka hospitali, na alikuwa amechoka kukipitia mbali kama anayekwepa mdai. Akageuka. Akajiachia, kama alivyojiachia kwa kila sofa iliyotoka pale.

Hakuingia. Makalio yalikwama juu ya ile mikono miwili iliyokaribiana, nusu nje nusu ndani, miguu ikaning'inia. Kiti kilitoa pumzi ndefu, kikakataa.

Mizani alikaa vile, hewani. Halafu tumbo likaanza kumtikisika.

"Dada," alisema, "hakinitoshi. Kiti chako hakinitoshi."

Binti alimkuta akicheka machozi yanamtoka, amekwama, hawezi kutoka wala kuingia. Wakamvuta, binti na baba yake, mmoja kila mkono, na kiti kikamfuata hatua mbili kabla hakijamwachia.

"Mwambie yule daktari nakuja," Mizani alisema, akijipapasa nyonga. "Kabla sijaanza kutosha."

*

Walimkata. Alirudi na upande mmoja bapa na mrija unaochuruza maji mekundu kwenye chupa, naye akauita mrija ule mkwe, kwa sababu unamfuata kila anapokwenda na hana la kuufanya. Akameza vidonge. Asubuhi alitembea na binti yake mpaka shuleni na kurudi peke yake. Fundi akajifunza kupakua upya. Mara ya kwanza alipompa sahani isiyo mlima, aliisukuma haraka kana kwamba anaiba.

Uzito ukapungua taratibu, kama daktari alivyotaka. Daktari alifurahi. Daktari peke yake.

Mtaa ulianza kunyamaza alipopita. Wifi alikuja kumjulia hali, akasimama mlangoni, akaangua kilio cha msibani. "Wifi yangu jamani, umebaki sauti tu."

"Na sauti hii inakuambia ukae unywe chai," Mizani alisema. "Na usilie juu ya kochi, halijalipiwa."

Karakana nayo ilimkosa. Mteja akiitiwa Mizani akamwona anaingia mlangoni kifua mbele, bila ubavu, alitazamana na mwenzake. Mmoja alisema waziwazi, "Fundi, huyu hata mimi namzidi," akakaa mwenyewe, akajitupa mwenyewe. Mizani alisimama kando ameshika kitambaa cha kufutia vumbi. Maisha yake yote alikuwa na kazi kwa kukaa tu, na sasa alisimama.

Hayo yote aliyaweza. Kilichomshinda kilitokea jikoni, siku moja kabla ya jua kuzama. Alikuwa ameinama kwenye sinki, amempa mlango mgongo. Binti aliingia na mikoba yake, akasimama ghafla.

"Mama mkubwa," binti alisema.

Ilimtoka tu. Mikoba ilianguka. Mizani aligeuka, na wote wawili wakawa wanaangaliana, na nyuma yao, kule karakana, mbao za kile kiti zikatanuka.

Asubuhi yake Mizani alikwenda kwenye ile pembe peke yake, akageuka, akaketi. Nyonga zilipita katikati ya mikono miwili bila kugusa sana. Mgongo ukashuka, ukatafuta, ukalipata lile shimo. Kiti kikamshika vizuri, kama kilichopimwa kwake. Akainuka upesi.

"Fundi."

Alikuwa anakata kitambaa. "Naam."

"Kile kiti kinanitosha."

Mkasi ulisimama.

"Kivunje," alisema. "Leo. Sitaki kulala na kitu kinachonijua kipimo."

*

Fundi alikitoa nje kwenye mwanga. Mizani alikaa kwenye stuli, mikono mapajani. Kitambaa kilitoka kwa mshono mmoja, kimechoka. Ikatoka sponji ya tatu, ile ya mwisho kuwekwa. Ikatoka ya pili, ikatoka ya kwanza. Fundi alizitambua kama mtu anavyotambua maneno yake mwenyewe: hii ya kwanza kulalamikiwa, hii ya pili, hii alipomwambia shemeji, ni mifupa yako.

Chini ya zote, kwenye ubao wa mgongo, kiganja chake kikasimama.

Ulikuwa msumari wa inchi tatu, uliopigiliwa kwa nyuma ukapita. Ncha yake ilikuwa imejikunja kidogo kuelekea juu, penye shimo la mgongo. Kutu ilikuwa imeila sehemu moja tu, ile ncha.

Alichukua koleo, akaung'oa. Ulilia ukitoka. Akauweka kwenye kiganja chake, kile chenye sifa, akautazama, na hakuweza kuinua kichwa.

Mizani alinyoosha mkono akauchukua. Ulikuwa mwepesi. Aliugeuza geuza kwenye mwanga.

"Alikuwa anasema kweli," alisema.

"Nilimwekea sponji," Fundi alisema. "Mara tatu. Alisema mara tatu, nikamwekea sponji."

"Mimi nilimwambia asilalamike, tunahangaika naye." Mizani aliufunga msumari kwenye ncha ya nguo yake, fundo moja, la pili. Kiti kilikuwa kimelala wazi kati yao, mbavu tupu, hakina sauti tena.

Halafu Mizani aligusa upande wake wa kushoto, ule bapa, chini ya kwapa, mwisho wa kovu.

"Fundi. Toka juzi kuna kitu hapa kinanichoma. Inawezekana ni uzi tu wa mshono."

Fundi aliitazama ile sehemu. Kinywa chake kilifunguka, na Mizani aliliona neno likija, lilelile la zamani, la upole. Akalingoja.

Fundi alikifunga kinywa. Akaweka koleo chini. Alikwenda kwenye bomba, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, kama alivyowaona wauguzi wakifanya, akajifuta, akarudi. Akamwita binti yao alete viatu vya mama yake. Kisha akapiga magoti mbele ya stuli, mikono bado na ubaridi wa maji.

"Nionyeshe wapi," alisema.